Barua Isiyokuwapo: Mauaji ya Kweli Katika Vitabu na Katuni

Mhadhara uliotolewa Chole, Wilaya ya Kisarawe



Nimeombwa nizungumzie vitabu na katuni zinazosimulia mauaji yaliyotokea kweli, tena ya zamani. Nitaanza na jina mnalolijua: Kibasila. Kila aendaye Dar es Salaam akapita Chang'ombe huwaona wanafunzi wa Shule ya Sekondari Kibasila wakivuka barabara. Wengi wao ukiwauliza Kibasila ni nani, watakwambia ni shule. Alikuwa mtu, na alikuwa mtu wa huku. Alikuwa jumbe wa Kisangire, katika wilaya yetu hii, na Wajerumani walimnyonga wakati wa Vita vya Maji Maji.

Kwa serikali ya Kijerumani, kile kitanzi kilikuwa adhabu ya mwasi. Kwa watu wa Kisangire yalikuwa mauaji. Mwenye kuandika kisa hiki leo hawezi kuukwepa ugomvi huo, na mapema mno atalazimika kuchagua neno. Lakini mwandishi ana nafuu moja. Anaweza kuandika "Kibasila alinyongwa" akaweka nukta, na hakuna atakayemdai zaidi. Mchora katuni hana nafuu hiyo. Mpe kijana penseli, mwambie achore siku ya mwisho ya Kibasila. Alikuwa mrefu au mfupi? Alivaa kanzu, au shuka tu? Kamba ilifungwa kwenye mti au kwenye nguzo? Walisimama akina nani, na askari aliyemfunga mikono alikuwa Mzungu au mtu mweusi mwenzake? Fremu moja tu ya katuni inauliza maswali mengi kuliko ukurasa mzima wa kitabu, na yote inayajibu papo hapo, msanii awe anajua au hajui.

Jambo langu la leo ndilo hilo. Katuni ya mauaji ya kweli humlazimisha msanii kutoa ushahidi wa mambo ambayo hakuna shahidi aliyeyasema. Nami nashikilia kwamba asiyemwonyesha msomaji mahali ushahidi unapokoma, hata awe na nia njema kiasi gani, anaweza kujikuta anamsaidia muuaji.

Sisi hatukosi wasomaji wa mambo haya. Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akaja na *Simu ya Kifo*. Kisha Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Wazee waliopo hapa walivisoma vitabu hivyo mpaka majalada yakanyofoka. Upande wa picha, kina baba zetu walimsoma Lance Spearman, mpelelezi wa picha za kupigwa, na gazeti la *Uhuru* likawapa Chakubanga wa Christian Gregory. Baadaye *Sani* likaja na Ndumilakuwili, na mkono wa Philip Ndunguru ukawafundisha vijana wa nchi nzima kuchora pua na viatu. Kwa hiyo macho yetu yamezoea picha, na masikio yetu yamezoea upelelezi.

Ila riwaya ya upelelezi imetuzoesha vibaya kwa jambo moja. Mwishoni Bwana Msa anajua. Anakaa, anawasha kiko chake, anaeleza nani alifanya nini na saa ngapi, nasi tunafunga kitabu tumeridhika. Mauaji ya kweli ya miaka mia iliyopita hayana ukurasa huo wa mwisho. Yana jalada lenye karatasi zilizopungua, lililoandikwa na upande mmoja. Majalada ya Kijerumani yaliyobaki nchini yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mengi yakiwa yameandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Msanii aliyekulia kwa Willy Gamba akikutana na pengo, mkono unamwasha. Anataka kuliziba.

Nitawaeleza kisa cha pengo lililozibwa, na yaliyofuata.

Carl Peters mnamsoma shuleni. Ndiye aliyezunguka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami mwishoni mwa mwaka 1884 akiwawekesha machifu alama kwenye makaratasi aliyoyaita mikataba. Mwaka 1891 alipelekwa Kilimanjaro kuwa kamishna wa dola ya Ujerumani. Huko alikuwa na mtumishi, jina lake Mabruk, na miongoni mwa wanawake waliowekwa kituoni kwake alikuwapo msichana aliyeitwa Jagodja. Oktoba 1891 Peters aliamuru Mabruk anyongwe. Januari 1892 akaamuru Jagodja anyongwe. Jagodja alikuwa ametoroka, akakamatwa, akachapwa, kisha kitanzi. Sababu zilizoandikwa zilikuwa wizi kwa Mabruk, na uhaini na kutoroka kwa Jagodja. Watu waliokuwa karibu walisema sababu yenyewe ni wivu: kwamba Mabruk alikuwa ameingia kwa mwanamke ambaye bwana mkubwa alimhesabu kuwa wake.

Habari zilifika Ulaya polepole. Tarehe 13 Machi 1896, August Bebel, kiongozi wa wasoshalisti, alisimama katika Bunge la Ujerumani akamshtaki Peters mbele ya taifa zima. Alikuwa na mambo mazito na ya kweli mkononi: watu wawili wamenyongwa, na aliyetoa amri ndiye aliyekuwa na kinyongo nao. Yalitosha. Lakini Bebel alikuwa na kitu kingine kitamu zaidi. Alisema iko barua ambayo Peters alimwandikia Askofu Tucker wa Waanglikana, akijitetea kwamba alimwoa Jagodja kwa mila za Kiafrika, na kwa hiyo alikuwa na haki ya kumwadhibu kwa uzinzi. Fikirini barua kama hiyo! Muuaji anakiri kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa askofu. Magazeti yaliipokea kwa shangwe. Ingekuwa katuni, hiyo ndiyo ingekuwa fremu kubwa ya ukurasa mzima.

Barua hiyo haikuwapo. Ilitafutwa, haikuonekana. Askofu akakana kuipokea.

Tazameni sasa yaliyotokea. Kesi ya nidhamu iliendelea bila barua, na mwaka 1897 Peters alifukuzwa utumishi wa serikali na kunyimwa pensheni. Hilo la kufukuzwa halikuitegemea barua hata kidogo. Lakini marafiki zake walipata ngao ya maisha. Miaka yote iliyofuata, kila alipotajwa Jagodja, walijibu kwa kutaja barua ya Tucker: mmeona, uzushi mtupu, mtu amesingiziwa. Mwaka 1907 Peters alimshtaki mhariri wa gazeti moja la Munich kwa kumkashifu, na mambo ya Kilimanjaro yakaburuzwa tena mahakamani, safari hii muuaji akiwa ndiye mlalamikaji. Mwaka 1914 Mfalme wa Ujerumani akamrudishia pensheni. Mwaka 1937, Peters akiwa kaburini kwa karibu miaka 20, Hitler akaifuta ile hukumu. Mwaka 1941 Wanazi wakamtengenezea filamu ya kumtukuza, yenye jina lake, na mwigizaji nyota wa wakati ule, Hans Albers, akacheza nafasi yake.

Mtu atasema filamu ile ingetengenezwa tu, barua iwepo isiwepo. Huenda. Lakini watetezi wake wasingepata mahali rahisi hivyo pa kuanzia. Uongo mmoja uliopachikwa upande wa wanyonge ulifanya kazi kwa upande wa mwenye kamba kwa muda mrefu kuliko maisha ya wote waliohusika. Na katika makelele yote hayo, ya bungeni, ya magazetini, ya mahakamani, wanaosikika ni Peters, maofisa, wamisionari na wabunge. Jagodja anatajwa tu. Anayetaka kumchora leo ndipo anapokutana na kazi ngumu: hapo pana pengo la haki kabisa, na hamu ya kumpa maneno mazuri ya mwisho ni kubwa. Mimi nisingempa. Ningeacha kiputo chake kitupu kurasa zote, wengine wakisema na kusema, mpaka msomaji achoke na yule asiyesema.

Wenzetu wa nchi za nje wamehangaika na jambo hili, na si vibaya kuchungulia. Alan Moore na Eddie Campbell walitengeneza *From Hell*, katuni nene juu ya wanawake waliouawa Whitechapel, London, mwaka 1888, kesi ambayo muuaji wake hakupatikana. Wao wakamchagua muuaji, wakamchora uso na jina, jambo ambalo mimi lingeniogopesha. Lakini nyuma ya kitabu waliweka maelezo marefu, ukurasa kwa ukurasa: hiki kimetoka katika kitabu fulani, hiki ni dhana, hiki nimekitunga mwenyewe. Msomaji anaweza kumkagua msanii. Mmarekani Rick Geary yeye alipita njia nyingine. Katika vitabu vyake vya mauaji ya karne ya 19 anachora ramani ya mtaa, mpangilio wa vyumba vya nyumba, mlango ulikuwa wapi na ngazi zilipanda vipi, na pale ushahidi unapogawanyika anakuwekea dhana zote mbele halafu anakuacha nazo. Picha zake ni za kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe, hazina mbwembwe. Kijana wa hapa Chole mwenye kalamu na daftari la hesabu hapungukiwi kitu kuanza namna hiyo.

Na wasioeleza? Truman Capote aliandika *In Cold Blood*, juu ya familia ya watu wanne waliouawa Kansas mwaka 1959, akatamba kwamba kila neno ni la kweli. Ukurasa wa mwisho, mpelelezi anakutana makaburini na rafiki wa binti aliyeuawa, upepo unavuma, msomaji analengwa na machozi. Mkutano huo haukutokea. Kitabu ni kizuri bado, lakini mimi tangu nilipojua hilo nakisoma nikiwa nimekunja uso.

Turudi nyumbani, kwa kesi ambayo baadhi ya wazee hapa waliisikia redioni.

Siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, alikwenda Isimani. Isimani ilikuwa ghala la mahindi. Wakulima wakubwa walikuwa wamefungua mashamba huko kwa trekta, na serikali ilikuwa mbioni kuyageuza maeneo hayo kuwa vijiji vya ujamaa. Klerruu alikuwa mtu wa mbele katika kazi hiyo. Alimkuta mkulima Saidi Mwamwindi shambani kwake. Wakagombana. Mwamwindi akampiga risasi, akamuua. Kisha akaupakia mwili ndani ya gari la huyo huyo mkuu wa mkoa, akaendesha mwenyewe mpaka polisi Iringa, akajisalimisha.

Kuhusu risasi hapakuwa na ubishi, wala kuhusu safari ile. Kilichobishaniwa Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Onyiuke, ni dakika chache kabla ya risasi na hali ya akili ya aliyefyatua. Upande wa utetezi ulisema mtu huyu alichokozwa na kudhalilishwa kwenye ardhi yake, penye makaburi ya jamaa zake, hata akili ikamruka kwa muda. Mahakama haikukubali. Mwamwindi alihukumiwa kifo, akanyongwa.

Sasa chukua penseli. Ukimchora Klerruu ameinua fimbo, umeshatoa hukumu ya kumtetea Mwamwindi. Ukimchora amesimama kwa upole na kofia mkononi, umeshamnyonga Mwamwindi mara ya pili. Ukichora makaburi makubwa mbele ya picha, umesimama na wakili wa utetezi. Ukiyaficha nyuma ya mahindi, umesimama na mwendesha mashtaka. Hata aliyeketi Ikulu ana nafasi yake kwenye ukurasa, maana wapo walioona pale Azimio la Arusha limepigwa risasi, na wapo walioona mkulima amesukumwa mpaka ukutani.

Nimewahi kukitafakari kisa hiki kama katuni kwa muda mrefu, na nimefika mahali pamoja. Kitu kisichobishaniwa ndicho chenye nguvu kuliko vyote: barabara ya vumbi kutoka Isimani kwenda Iringa, gari la serikali, dereva asiye wake, na abiria asiyesema. Ningetumia kurasa nyingi hapo. Milima, mbuyu, mtu wa baiskeli anayesogea pembeni akipisha gari la mkubwa na kuinua mkono kusalimu, kama ilivyo desturi. Huyo wa baiskeli ni wa kwangu, nimemtunga, na kitabuni ningeandika chini ya ukurasa kwamba nimemtunga. Zile dakika za ugomvi ningezichora mara mbili: mara moja kama alivyoeleza mshtakiwa, mara moja kama ulivyodai upande wa mashtaka, kila moja na jina la msemaji juu yake. Mahakama ilichagua kwa sababu kazi yake ni kuchagua. Mchora katuni hana rungu la jaji.

Iringa leo kuna Chuo cha Ualimu Klerruu. Dar es Salaam kuna Kibasila Sekondari. Aliyeuawa na mwananchi ana chuo, aliyeuawa na dola ana shule, na Mwamwindi ana simulizi za vilabuni, ambazo kila mwaka zinaongezwa chumvi. Ndiyo maana karatasi inahitajika: simulizi za kilabuni haziwekewi maelezo nyuma.

Ipo hoja kwamba mauaji yanayosifika vitabuni ni ya wenye magari tu. Kenya, Januari 1941, Lord Erroll alikutwa na risasi kichwani ndani ya gari nje ya Nairobi. James Fox akaandika *White Mischief* mwaka 1982, ikaja filamu, na mpaka leo Wazungu wanaendelea kuandika. Mwaka 1959, Nairobi hiyo hiyo, Peter Poole alimpiga risasi Kamawe Musunge kwa sababu Musunge aliwarushia mawe mbwa wake. Poole alinyongwa Agosti 1960, Mzungu wa kwanza Kenya kunyongwa kwa kumuua Mwafrika. Kesi ya pili ina uzito mara mia, imetokea ukoloni ukiwa unafunga mizigo, na haina hata robo ya umaarufu wa ile ya kwanza. Hoja hiyo naikubali. Siendelei nayo.

Kuna swali gumu zaidi: tuchore kitanzi chenyewe? Kilwa Kivinje pana Mwembe Kinyonga. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa mwaka 1895, na picha ya kamera ya watu walioning'inizwa kwenye mwembe imezunguka dunia nzima. Picha ile ilipigwa na waliokuwa na kamera, yaani upande wa wenye kamba. Msanii anayeinakili kwa kalamu, hata kwa huruma, anasimama palepale aliposimama mpiga picha wa Kijerumani na kutazama kwa jicho lake. Sasa tunatumiana maiti za ajali kwenye simu asubuhi kabla ya chai, kwa hiyo huenda wengine mnaona nazidisha. Lakini watu wa pwani walikuwa na namna yao. Kisa cha Makunganya kilitungiwa shairi enzi zile zile, na Mjerumani Velten, mkusanyaji wa maandishi ya Kiswahili, akalichapa mwaka 1907. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga wa Maji Maji. Watunzi hao walikuwa wanahabari wa mauaji ya kweli kabla hatujapata magazeti. Walitaja majina, mahali, nani alimfuata nani. Mtu anayetaka kuandika vibonzo vya historia aanzie kwao kabla ya kwenda London.

Basi tumalizie na Kibasila, maana hao wengine wana watu wao.

Yapo ya uhakika tunayoweza kuchora. Mwaka 1902 serikali ilianzisha mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya ya Dar es Salaam, na Uzaramo ukiwamo. Majumbe wakatakiwa kuwatoa watu wakalime. Julai 1905, Nandete kule Umatumbi, watu waling'oa pamba ya serikali. Tarehe 4 Agosti 1905 mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, ng'ambo ya Rufiji kutoka hapa tulipo. Vita vikatambaa mpaka Uzaramo, mpaka Kisangire. Kufikia 1907, kwa makadirio ya mwanahistoria Gilbert Gwassa, watu kati ya 250,000 na 300,000 walikuwa wamekufa, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kurekodi wazee waliokuwa bado wanakumbuka, kazi iliyoongozwa na kina Gwassa na mwanahistoria mwenzake Iliffe. Ebrahim Hussein akatoa tamthilia ya *Kinjeketile* mwaka 1969, na mwanzoni mwa kitabu akaweka wazi kwamba Kinjeketile wa jukwaani si sawa na yule wa historia. Mnaona? Mwenzetu alishafanya kile ninachokidai, tena kwa Kiswahili.

Kwa hiyo kijana atakayeanza, na aanze na shamba la pamba. Achore jembe, jua, mnyapara, na jumbe aliyesimama katikati, huku watu wake, huku serikali. Aende Kisangire akawaulize wajukuu: mzee alikuwa anakaa upande gani wa kijiji, alikamatwa akiwa wapi, nani alibaki na watoto, kaburi liko wapi kama lipo. Aandike jina la kila aliyemwambia, kwa ruhusa yake. Wakimpa majibu mawili yanayopingana, ayachore yote mawili. Wakimwambia "hilo hatukuambiwa," aache fremu tupu na aandike chini yake hivyo hivyo. Wasomaji wa *Sani* wamezoea fremu zilizojaa mpaka pembeni, na fremu tupu itawashangaza. Wengine watadhani mtambo wa kuchapia uliishiwa wino. Waache waulize.

Nasikia kuna mzee pale nyuma ana la kusema kuhusu Kisangire. Mzee wangu, karibu mbele, na anayeandika aandike.